Mola Hasahau. Je, Sisi?



Ndugu zangu katika imani, katika toleo hili naomba tulitafakari swali ambalo halimo katika mitihani yetu ya chuo, lakini naamini siku moja tutaulizwa. Je, tunao wajibu wowote kwa watu waliokufa zamani bila majina yao kuandikwa popote? Na kama Mwenyezi Mungu anamjua kila kiumbe Wake na wala hasahau, kuna haja gani sisi kujisumbua kuwakumbuka?

Nalileta swali hili kwa sababu tunasoma Kigali, mji ambao historia yake husimuliwa kwa jina la mtu mmoja. Sote tumefundishwa kwamba Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani hapa Rwanda. Nyumba inayobeba jina lake ipo Nyarugenge na imefanywa makumbusho. Tunaambiwa pia kwamba mwaka 1898 aliufuata mto Rukarara ndani ya msitu wa Nyungwe akitafuta chanzo cha Nile. Hayo yote ni kweli. Lakini Kandt hakubeba hema lake kichwani, hakubeba masanduku yake ya vitabu, wala hakupika chakula chake njiani. Walikuwapo watu waliofanya kazi hizo, na wengi wao walikuwa wanazungumza lugha hii ninayoandikia. Baadhi yao walikuwa Waislamu.

Waliobeba mizigo

Kabla ya reli na lori, kila kitu kilichotoka pwani kuja bara kilikuja kichwani au begani mwa mtu. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo na Pangani kwa njia hiyo, na vitambaa, shanga, chumvi na bunduki zikapanda kwa njia hiyo hiyo. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 25 hadi 30, na juu yake akaongeza mkeka, chungu na posho yake mwenyewe. Kwa vijana wa Kinyamwezi safari ya kwenda pwani na kurudi ilikuwa kipimo cha utu uzima. Walikuwa na viongozi wao wa msafara, waliojua visima, njia, na namna ya kuzungumza na watawala wa kila nchi waliyopita.

Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda na kukutana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri. Vitabu husema alivuka Afrika kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Kwa hakika waliovuka walikuwa mamia ya watu: wapagazi, askari, wapishi na wakalimani. Aliyeandika kitabu ndiye aliyebaki na safari.

Wachache sana waliponea. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani India, alirudi Afrika akawa kiongozi wa misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron. Alitembea sana katika bara hili, akapewa medali ya fedha na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Lakini Bombay tunamjua kwa sababu Wazungu waliona vema kumtaja. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari, mwenye mzigo ule ule na malaria ile ile, hatumjui.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, upagazi uligeuka kuwa balaa. Wabelgiji walipoingia Rwanda mwaka 1916 na kuelekea Tabora, walikuja na majeshi yaliyojaa Wakongo, na raia wa vijiji walivyovipita wakachukuliwa kubeba mizigo. Upande wa Waingereza, kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo Kariakoo. Leo Kariakoo ni soko maarufu la Dar es Salaam. Wengi wanaonunua simu na vitenge pale hawajui kwamba wanalitaja jina la kikosi cha watu waliokufa kwa kuhara, njaa na uchovu wakibeba risasi za vita visivyowahusu.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Jina lenyewe halikuandikwa hata moja. Mwezi Aprili 2021, ripoti iliyotolewa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tazameni tofauti ya idadi hizo mbili. Kati yake kuna zaidi ya watu laki mbili ambao hata kuwapo kwao katika hesabu ya wafu kuna shaka.

Biryogo na jina lililogeuzwa tusi

Habari hii inatuhusu sisi kwa ukaribu zaidi. Uislamu haukuletwa Rwanda na masultani wala wanazuoni wakubwa. Ulikuja na watu wa msafara: askari na makarani kutoka pwani, wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi, wapagazi waliochoka kurudi kwao. Wakaoa hapa. Wanawake wa Kinyarwanda waliokubali kuolewa nao, wakaacha desturi walizozaliwa nazo na kuwafundisha watoto wao kuswali, ndio mama zetu wa mwanzo katika dini hii, na ndio waliosahauliwa kuliko wote. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Tarehe hiyo tunaitaja kwa fahari. Lakini wangapi kati yetu tunaoswali pale tunaweza kumtaja mtu mmoja aliyeujenga, au mwanamke mmoja aliyewapikia wajenzi?

Wabelgiji walipotawala, elimu iliwekwa mikononi mwa misheni za Kikristo na Waislamu wakatengwa. Makazi yao yaliitwa Kambi ya Waswahili, huko Biryogo. Hata Mnyarwanda aliyezaliwa hapa, na babu zake wote wakazaliwa hapa, akisilimu alihesabiwa Mswahili, yaani mgeni. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma mara nyingi alilazimika kukubali ubatizo na jina jipya. Wengine walikubali ili wasome. Wengine walikataa, wakawa mafundi cherehani, madereva, wachuuzi na makanika. Neno umuswahili likawa tusi la Kinyarwanda, maana yake mjanja, mwongo, mtu wa mjini asiyeaminika. Mimi mwenyewe nimeitwa hivyo shuleni, na aliyeniita hakuwa na chuki. Alikuwa amelirithi neno bila kujua lilikotoka.

Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na Biryogo watu huenda kunywa chai na kupiga picha kwenye barabara iliyopakwa rangi. Ni jambo jema, nami hunywa chai pale. Swali ni kama tunaweza kufurahia mtaa huku tukiwa hatujui walioishi humo waliishije.

Hoja ya kwanza: Allah anawajua, yatosha

Nimejadiliana na ndugu kadhaa juu ya jambo hili, na jibu ninalolisikia mara nyingi ni la kiimani. Husema: Mola wao anawajua. Kama walikuwa wema watalipwa, na kumbukumbu zetu haziwaongezei kitu.

Hoja hii ina uzito, tena ina asili. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Nahawand mjumbe alimletea Sayyidna Umar (R.A.) habari za mashahidi. Akamtajia mashuhuri, kisha akasema wapo na wengine ambao Amirul Muuminina hawajui. Umar akalia. Akasema hao hawadhuriki kwa Umar kutowajua, kwani Mwenyezi Mungu anawajua.

Lakini tuisome habari hiyo yote, pamoja na machozi yake. Kama kujulikana kwao mbele ya Allah kulimaliza jambo, Umar alilia nini? Mimi naelewa kwamba alijua mambo mawili kwa pamoja: wao wako salama, na yeye, kiongozi wao, amepungukiwa. Wao hawakumhitaji Umar awajue. Umar ndiye aliyehitaji kuwajua.

Kuna hadithi iliyo wazi zaidi, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Palikuwa na mtu mweusi, na katika mapokezi mengine ni mwanamke, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Akafariki, masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba waliona jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza habari zake. Alipoambiwa amekufa aliwauliza kwa nini hawakumjulisha, kisha akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia.

Hakuna aliyejua kuliko Mtume kwamba Allah hamsahau mja Wake. Pamoja na hivyo aliuliza, akatembea mpaka kaburini. Hakuliacha jambo kwa hoja kwamba Mola anatosha. Naona hapa sunna ambayo hatuitaji sana: sunna ya kumuulizia mtu mdogo asiyeonekana. Na Qur'ani yenyewe, katika masahaba wote, imemtaja mmoja tu kwa jina lake, naye ni Zayd bin Haritha, aliyewahi kuwa mtumwa.

Hoja ya pili: walikuwa vibaraka

Wengine wana jibu kali zaidi. Husema: hao askari na wapagazi walimsaidia mkoloni. Bila wao Mjerumani asingefika Rwanda wala asingetawala. Kwa nini tuwakumbuke watu waliobeba minyororo yetu?

Hatuwezi kulikwepa swali hili. Mwaka 1912, majeshi ya Kijerumani yalipokwenda kaskazini kuwazima Ndungutse na Basebya, waliochoma nyumba na kufyatua risasi hawakuwa Wajerumani peke yao. Walikuwa askari Waafrika, na kati yao wamo waliokuwa wakiswali. Walioumia walikuwa wakulima. Hao wakulima nao hatuna majina yao. Tukiwalilia askari wetu tukawasahau waliopigwa na askari hao, tutakuwa tumerudia kosa lile lile tunalolilalamikia.

Lakini hukumu ya jumla nayo si uadilifu. Wapo waliojiunga kwa mshahara, wapo waliochukuliwa kwa nguvu, na wapo waliozaliwa ndani ya kambi na hawakuwahi kuchagua. Chukueni mfano wa mtu mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa kwa sababu aliishia Berlin. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani. Vita vilipoanza, yeye na baba yake walikuwa katika jeshi la Wajerumani. Yeye alikuwa mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Ujerumani, akadai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Akakataliwa. Aliishi huko akifanya kazi ya uhudumu hotelini, akifundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata, na mwezi Novemba 1944 akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Tumwite nani? Mtumishi wa mkoloni, au mhanga wake? Alikuwa yote mawili, na zaidi ya yote alikuwa mtu mwenye deni lake ambaye hakulipwa.

Katika hadithi Qudsi tunafundishwa kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Kwa mtazamo wa dini yetu, basi, suala la wapagazi halihusu huruma peke yake. Ni ujira uliozuiwa. Fedha zao hatuwezi kuzilipa sisi, na waliozizuia wana hesabu yao. Lakini kuna sehemu ya haki yao iliyo mikononi mwetu, nayo ni ushahidi: kusema kwamba walikuwapo, walifanya nini, na walifanyiwa nini.

Ushahidi, si fahari

Nadhani hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Kuna kumbukumbu ya fahari na kuna kumbukumbu ya ushahidi. Ya fahari hutafuta mababu wa kujivunia, na ikikuta aibu huifunika. Sisi tunaoishi Rwanda tunajua kwa uchungu jinsi historia inayosimuliwa kwa ajili ya kundi moja inavyoweza kuandaa mauaji. Anayesema tuache kuchimbua yaliyopita kwa hofu hiyo namwelewa, wala simlaumu.

Kumbukumbu ya ushahidi ni nyingine. Katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa tusimame kwa uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Shahidi hamchagui mtu wa kumtaja kwa sababu anampenda. Anasema alichokiona na alichopokea. Shahidi wa namna hiyo atamtaja mpagazi aliyekufa njiani, atamtaja askari aliyechoma nyumba, na atamtaja mkulima aliyechomewa. Historia ya namna hiyo haiwezi kutumika kuinua kabila wala dini juu ya nyingine, kwa sababu kila mtu anakutana ndani yake na jambo la kumnyenyekeza.

Na umma huu una ujuzi wa kazi hiyo. Wanazuoni wetu, kwa kuwa hadithi moja ilitegemea kila mtu aliyeipokea, waliandika habari za watu ambao dunia isingewajali: walioachwa huru, wajane, wauza mafuta, vipofu. Ibn Hajar katika kitabu chake cha Al-Isaba peke yake amekusanya masahaba zaidi ya 12,000. Wengine amepata jina lao tu na tukio moja, akaliandika tukio hilo akaenda kwa mwingine. Hakusema kwamba kwa kuwa habari ni chache basi iachwe.

Tufanye nini?

Sitaki makala hii iishie katika hisia. Wengi wetu tuna bibi na babu Nyamirambo, Biryogo, Rwamagana, Butare au Gisenyi. Wana miaka 70 na 80. Wao walilelewa na wale waliozaliwa zama za Mjerumani na Mbelgiji. Wakiondoka, mnyororo umekatika, na hakuna maktaba itakayouunga.

Kila mmoja wetu achukue simu yake likizo hii na kurekodi sauti ya mzee mmoja. Muulize kwa adabu, baada ya kumsalimia na kumpa nafasi ya kupumua: baba yako alitoka wapi? Mama yako alikuwa nani kabla ya kusilimu? Alifanya kazi gani? Ni nani aliyefagia msikiti wenu ulipokuwa mtoto? Andika majina kama anavyoyatamka yeye. Asipokumbuka, andika kwamba hakumbuki, usimjazie. Akikwambia jambo la aibu, liheshimu kama amana. Omba ruhusa yake kabla ya kulisambaza. Wenzetu wanaosoma historia, sheria na teknolojia ya habari wanaweza kutusaidia kuzihifadhi rekodi hizo vizuri, na jumuiya yetu inaweza kuzitunza.

Kisha tuwaombee. Tunaposoma dua baada ya swala, tunawataja wazazi wetu na Waislamu wote waliotangulia. Tukiwa na jina moja jipya la kuliongeza, tuliongeze.

Nawarudisha kwa swali la mwanzo. Mola anawajua wote, na hilo ndilo tegemeo lao. Bali Siku ya Kiyama hatutaulizwa juu ya elimu ya Allah. Tutaulizwa juu ya yale tuliyoweza kuyajua tukapuuza, na juu ya watu tuliopita karibu na makaburi yao kila Ijumaa bila kuuliza walikuwa akina nani.

Ewe Mola, warehemu waliobeba mizigo isiyokuwa yao. Wasamehe waliodhulumu kwa kulazimishwa, na uwape haki yao waliodhulumiwa. Utujaalie tuwe mashahidi wa kweli, wala usitujaalie miongoni mwa wanaowaona watu wadogo kuwa ni jambo dogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.